Nilisema picha haitoshi, wakasikia namtetea baba

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 31, mzaliwa wa Muheza, kwa sasa naishi Mwanza kikazi. Nilisomea upimaji wa ardhi na ndio unaonilisha. Nakuandikia kuhusu ugomvi wa ukuta ambao sasa unaingia mwezi wa saba, na katika miezi yote hiyo hakuna aliyeshika tepu akaupima.

Ami yangu yuko Muscat tangu mimi sijazaliwa. Ana kiwanja huko nyumbani Muheza, akatuma pesa kijengewe ukuta wa tofali wenye kimo cha futi 8. Msimamizi ni baba yangu mzazi, ambaye ni mdogo wake. Kazi ikaanza vizuri. Baba akawa anatuma picha kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp, tupo watu zaidi ya arobaini mle, wengine Tanga, wengine Dar, wengine Oman. Picha moja ilimwonyesha fundi amesimama na mwiko mkononi, anacheka, ukuta uko nyuma yake.

Mtoto mkubwa wa ami akaichukua picha hiyo akaipima kwa rula kwenye skrini. Akaandika: "Fundi huyu namfahamu, ana futi 5 na nusu. Kwenye picha ukuta umemzidi kwa sehemu moja ya sita tu. Huo ni ukuta wa futi 6 na inchi 5. Futi moja na nusu imekwenda wapi?"

Nami nikajibu kama mtu wa fani. Niliandika: "Ndugu yangu, picha haipimwi namna hiyo. Kwa picha hii huwezi kujua kimo cha ukuta." Wallahi, Shangazi, sikuwa na jingine moyoni. Dakika tano hazikupita, akaniambia anaelewa kwa nini namtetea baba yangu. Shangazi yangu wa Tanga akaingia: "Kwani kuna aliyeitwa mwizi humu?" Nikaandika ujumbe mrefu kueleza mambo ya umbali na kamera. Hakuna aliyeugusa, ila binamu mmoja aliyeuliza: "Nyie wapimaji mnapima nchi nzima kwa droni, leo ukuta wa Muheza ndio haupimwi kwa picha?" Watu wakacheka. Nikaandika mwingine mrefu zaidi.

Mwezi wa tatu nikaona nionyeshe kwamba siko upande wowote. Nikaandika: "Kwa picha hii hata mimi siwezi kusema kwamba ukuta una futi 8." Kesho yake mama akanipigia. Baba alikuwa amekaa barazani tangu alfajiri hataki chai. Anasema mwanawe, msomi wa vipimo, ameuambia ukoo mzima kwamba hamwamini. Wiki mbili hakupokea simu yangu.

Kwa hiyo huku naitwa mtetezi wa baba, na kule naitwa aliyemkana baba, kwa neno moja lile lile! Ugomvi unapoa kidogo, halafu mtu anatuma picha nyingine, au watu wanakutana Idi, unafufuka. Ami amezuia pesa ya geti na ya lipu. Fundi anadai nusu ya ujira wake. Nimehifadhi ujumbe wangu wote tangu siku ya kwanza, naweza kumwonyesha yeyote kwamba sijawahi kubadili kauli.

Naomba unisaidie, Shangazi. Niseme vipi ili nieleweke? Au nitoke kwenye kundi niwaache?

Niliyechoka Kueleza, Mwanza

*

Marahaba mwanangu,

Pole, na pole hiyo nairudia kwa ajili ya baba yako pale barazani. Picha uliyoiambatanisha nimeitazama mchana kutwa. Nilifundisha hesabu sekondari kwa miaka mingi kabla ya safu hii, kwa hiyo niruhusu nianze na ukuta. Nitafika kwenu.

Mtoto wa ami yako amekosea, na kosa lake linaonekana kwa macho. Itazame miguu ya fundi. Nyayo zake ziko chini zaidi kwenye picha kuliko mahali ukuta unapogusa ardhi. Maana yake hakuuegemea ukuta. Amesimama mbele yake, karibu zaidi na aliyepiga picha, na kilicho karibu na kamera hutoka kikubwa. Hizi ni zile pembetatu zinazofanana za kidato cha pili. Chukulia simu ilikuwa mita 4 kutoka kwa fundi. Kama mgongo wake umegusa ukuta, hesabu ya ndugu yako ni sahihi, futi 6 na inchi 5. Kama amesimama nusu mita mbele ya ukuta, picha ile ile inatoa ukuta wa futi 7 na inchi 2 na nusu hivi. Kama ni mita moja mbele, unapata futi 8 kamili. Hatua moja ndefu ya mtu mzima inabadilisha jibu kutoka wizi hadi uaminifu, na hatua hiyo hakuna aliyeipima. Juu ya hapo, simu ilikuwa imeinuliwa kidogo. Nguzo mbili za lango zinaonekana zinaegemeana kwa juu, nami siamini fundi amezijenga hivyo.

Hapa ulikuwa na haki. Ila ungewapa namba hizi tatu peke yake, nadhani hata yule binamu wa droni angenyamaza akafikiri. Nimeusoma ujumbe wako mrefu ulionitumia nakala yake. Una lenzi, una mtazamo, una kina cha picha, na hauna hata futi moja ya ukuta wa Muheza.

Sasa nikuambie ulipokosea, na usinikasirikie. Uliandika "picha haipimwi namna hiyo", na ukoo ukasikia "picha haipimwi". Maneno mawili ya mwisho yalianguka njiani, nawe hukuyaokota. Miezi saba umekuwa ukitetea kauli ambayo hukuisema na ambayo wewe mwenyewe unajua si kweli. Binamu yako alikuuliza swali halali kabisa. Mwaka 1858 Mjerumani mmoja, Albrecht Meydenbauer, alikuwa anapima kanisa kuu la Wetzlar akaponea chupuchupu kuanguka kutoka juu. Akaona heri majengo yapimwe kwa picha, akautumikia ufundi huo maisha yake yote. Zanzibar, kuanzia 2016, Unguja na Pemba zilipigwa picha kutoka angani kwa ndege ndogo zisizo na rubani, zikatengenezewa ramani. Pale Mafia watafiti wamewapima papa potwe, samaki ambaye huwezi kumwambia atulie umzungushie kamba, kwa kamera yenye miale miwili ya leza iliyo sambamba. Miale ile inaacha madoa mawili ubavuni mwa samaki, na umbali kati ya madoa unajulikana, kwa mfano sentimita 50. Picha ikishatoka, yale madoa ndiyo rula.

Haya wewe unayajua kuliko mimi. Wenzako wanaweka alama ardhini, sehemu ambazo zimeshapimwa, ndipo wanarusha droni. Picha hupimika ikiwa na kitu cha kipimo kinachojulikana, na kitu hicho kiwe palepale kilipo kile unachokipima. Binamu yako alistahili sentensi hiyo moja. Ulimpa somo, akajiona mjinga mbele ya watu arobaini, na mtu aliyeaibishwa mbele ya ukoo hasikilizi tena hesabu.

Kuna jambo jingine lililonisikitisha zaidi, maana wewe ni mpimaji. Kipimo kilikuwamo ndani ya picha tangu siku ya kwanza. Ni tofali! Ukuta ulipigwa picha kabla ya lipu, kozi zake, yaani safu za tofali, zinahesabika. Tofali letu la kawaida la inchi 6, likisimamishwa, lina kimo cha inchi 9, na hili limesimamishwa, urefu wake unaonekana. Ongeza saruji ya katikati, nusu inchi hadi inchi moja kwa mafundi wetu. Kozi 10 zinakupa kati ya futi 7 na inchi 11 na futi 8 na inchi 4. Ndiyo maana mafundi wakiambiwa futi 8 wanajenga kozi 10. Hapo fundi asimame mbele, asimame nyuma, hapunguzi kitu, kwa sababu tofali liko kwenye ukuta wenyewe.

Nimehesabu. Upande wa kulia wa fundi kuna kozi 9 zinazoonekana wazi, halafu rundo la mchanga limefunika chini. Kozi 9 peke yake ni kama futi 7 na inchi moja, kwa hesabu ya kubana. Kwa hiyo ile futi 6 na inchi 5 haiwezekani, ila kama tofali zenyewe ni fupi kuliko kawaida, na hilo baba yako anaweza kulijibu kesho kwa kupima moja lililobaki kiwanjani. Na futi 8? Ikiwa kuna kozi nzima chini ya mchanga, imefika, au imebakiza inchi moja tu. Ikiwa hakuna, haikufika. Picha inasema hivyo, na haisemi zaidi.

Umeona tofauti, mwanangu? Kwa muda wote huu umeuambia ukoo kile ambacho picha haiwezi kusema. Ulikuwa na la kusema lenye nguvu, lenye kumwondolea baba yako tuhuma ya futi moja na nusu, na lenye kumpa ami yako swali moja la haki la kuuliza. Hukulisema, kwa sababu ulishughulika kueleweka.

Na kwa nini hukueleweka? Nimeyasoma maneno ya wote uliyonitumia, na sioni hata mmoja aliyeuliza kuhusu picha. Ami yako anauliza: pesa yangu iko salama mikononi mwa ndugu yangu? Yuko mbali miaka yote hiyo, macho yake ni picha mnazomtumia. Ukimwambia picha haitoshi, umemwambia hana macho. Mtoto wake anauliza: nani anamlinda baba yangu asidhulumiwe? Naye ni mtoto anayemhami mzazi, kama wewe. Shangazi yako wa Tanga anaogopa kaka zake wasigombane hadi kwenye misiba. Baba yako hajauliza kitu. Yeye alikuwa akingoja mtoto wake aseme neno moja, "namjua baba yangu", na siku uliyozungumza ulisema huwezi kuthibitisha. Kila mmoja alichukua jibu lako la picha akalipeleka kwenye swali lake, na kila mahali lilipofika likauma.

Kwa hiyo ule ujumbe uliouhifadhi uache ulipo. Usiutume. Mtu anayetoa ushahidi kwamba alisema hivi tarehe fulani anatafuta hukumu, nawe hujakosana na ukoo kiasi cha kutaka mshindi. Na kutoka kwenye kundi usitoke. Ukitoka sasa, watasema umekimbia kwa kuwa umejua ukweli, na nusu watasema ukweli huo ni wa ami, na nusu ni wa baba.

Anza na baba, kabla ya wote, na usimwandikie. Mpigie. Ukiweza kupata ruhusa kazini panda basi. Mwanza na Muheza ni mbali, najua, lakini baba aliyesusa chai si wa kumalizwa kwa simu. Usimweleze kamera. Mwambie, "Baba, nisamehe, niliongea habari ya picha nikasahau kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukizungumziwa. Mimi nakuamini." Ikiwa humwamini, hiyo ni barua nyingine, niandikie. Lakini nadhani unamwamini, vinginevyo isingekuuma hivi.

Baada ya hapo mtafute ami yako kwa simu, peke yake, kwa adabu ya mtoto kwa mzazi. Msikilize hofu yake mpaka aimalize. Halafu mwombe jambo moja: ukuta upimwe kwa tepu, wakati ambao yeye anatazama kwa video, mbele ya fundi, baba yako, na mtu mzima mmoja atakayechaguliwa na ami mwenyewe. Mtu wake akiwepo, hakuna atakayesema tepu ilikunjwa.

Ila kabla tepu haijagusa ukuta kubalianeni jambo ambalo nina wasiwasi ndilo litakalowagombanisha tena: futi 8 kutoka wapi? Kwenye picha kiwanja kinateremka kuelekea barabarani. Ukuta ukiwa sawa juu, upande wa chini utapata kimo kikubwa na upande wa juu kidogo. Tena kuna fundi anayehesabu tangu juu ya msingi na kuna mwenye nyumba anayehesabu tangu ardhini, na kila mmoja ni mkweli. Muulize ami aliagiza vipi, muulize baba alimwambia fundi nini, na ikiwa hakuna aliyelitaja hilo, basi kila mmoja ajue kwamba halikutajwa. Msingi ukiwa umezama chini ya usawa wa ardhi, inawezekana kabisa ukuta mmoja una futi 8 kwa fundi na futi 7 na nusu kwa ami yako, na hakuna senti iliyoibwa.

Siku ya kupima, ondoeni ule mchanga. Chukueni ubao mrefu ulionyooka, mchore mistari minene kila futi moja, kwa rangi, kusiwe na ubishi wa kuisoma. Usimamisheni ukiwa umegusa ukuta, kwa timazi usiinamie. Aliyeshika simu asimame mbali kadiri nafasi inavyomruhusu, simu yake iwe wima, asiinue wala kuinamisha. Mpige mwanzo wa ukuta, katikati na mwisho. Picha hizo zinaweza kwenda kwa watu arobaini, na mtoto wa ami yako mwachie azisome mwenyewe. Usimsaidie. Mtu aliyeanza kwa rula kwenye skrini anapenda kujua, na ukimpa picha inayopimika atapata jibu sawa na lako. Ikibidi mwambie hadharani kwamba wazo lake la kutumia mtu kama kipimo lilikuwa zuri, lilikosa tu mahali pa mtu kusimama. Ni kweli, na atalikumbuka.

Kwenye kundi andika mara moja tu, baada ya kuzungumza na wazee wote wawili. Ningekuwa wewe ningeandika hivi:

"Wazee wangu na ndugu zangu, asalaam alaykum. Niliposema picha haitoshi nilieleza vibaya, nikamuumiza baba na nikamfanya ami aone namficha jambo. Naomba radhi kwa wote wawili. Picha ile inaonyesha kozi 9 wazi, na chini kuna mchanga. Ami na baba wamekubaliana ukuta upimwe kwa tepu siku fulani, na picha mtaletewa."

Watakaojibu kwa maneno makali watakuwepo. Usijibu. Anayetaka kueleweshwa zaidi kuhusu kozi atakupigia, mweleze kwa raha yako yote.

Suala la fundi nalo lisisahauliwe katika mambo ya ukoo. Huyu ni mtu wa kazi, amesimama mbele ya ukuta wake akacheka, na kwa picha hiyo anadai nusu ya ujira kwa miezi. Mwombe ami yako aachie angalau pesa ya kozi ambazo kila mtu anaziona, hata kabla ya kupima. Na mpime upande wa lango kwanza, maana geti likishafungwa na lipu ikipigwa kozi hazitahesabika tena.